Samaki mmoja, bekingi tano: ipi inazuia makunyanzi?

Leo tuanze na aibu yangu. Hii fulana mnayoiona, nyeupe, kola ya bluu, ni ya kikundi cha kina mama wa hapa Kisumu. Ngoja niisogeze kwa kamera. Huyu samaki wa kifuani alitakiwa kukaa ndani ya duara. Sasa duara limekuwa yai, na pembeni kitambaa kimejikunyata kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nilidarizi kumi na mbili za namna hii. Mwenyekiti wao akaja, akaitandaza moja mezani, akailaza kwa kiganja, ikajikunja tena palepale. Akaniuliza, "Fundi, huyu samaki umemkaanga?" Sikuwa na jibu. Fulana nyingine kumi na mbili nilinunua kwa pesa zangu.

Kilichoniponza ni hiki hapa: stebilaiza. Sisi mafundi tumezoea kuiita bekingi, ile karatasi-kitambaa unayoweka nyuma ya nguo kabla ya kufunga fremu inayokibana kitambaa kwenye mashine. Siku ile nilitumia iliyokuwa karibu na mkono. Kwa hiyo wiki hii nimemdarizi samaki yuleyule mara tano, fulana ya aina moja, uzi wa poliesta namba 40, sindano 75/11 yenye ncha butu ya vitambaa vya kunyumbuka, kasi ya mishono 650 kwa dakika. Faili ya mchoro ina mishono kama 9,000. Kilichobadilika ni bekingi peke yake.

Kabla sijawaonyesha, elewa kwanza makunyanzi yanatoka wapi. Kila mshono unavuta kitambaa kidogo. Mmoja hauna neno. Elfu tisa ndani ya nafasi ya kiganja, zote zinavuta kuelekea katikati, hapo fulana itashindwa tu. Tena uzi wa poliesta ukipita kwenye mkazo unarefuka kidogo, ukishatulia unarudi, na ukirudi unarudi na kitambaa. Kazi ya bekingi ni kubeba huo mvuto badala ya fulana. Ikikosa nguvu, fulana inabeba yenyewe.

Haya. Ya kwanza ni hii ya kurarua, ile unayochana ukimaliza. Ndiyo niliyoitumia kwenye zile kumi na mbili, na naijua raha yake: kazi ikiisha unavuta, kwaa, nyuma kunabaki safi. Lakini pindueni muone. Kila sindano ikishuka inaacha tundu. Matundu yakifuatana inakuwa kama ile mistari ya stempu za posta, imeshaandaliwa kuchanika. Hapa kwenye mkia mishono ni mingi, na bekingi ilijikata yenyewe mashine ikiwa bado inashona. Kuanzia hapo fulana ilikuwa inaelea bila mtu wa kuishika. Ndiyo maana mstari mweusi wa pembeni umeachana na rangi ya ndani. Kuna mwanya hapa, ukucha wangu unapita. Usiitupe lakini. Kwa kofia ngumu, jinzi, taulo, mfuko wa turubai, ni nzuri sana. Fulana na sweta, hapana.

Ya pili, msinicheke, ni mfuko. Ile mifuko laini tuliyoanza kubebea sukari baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku 2017. Nimeona mafundi wengi wakiutumia, na ukiushika kweli unafanana na bekingi. Nikakata, nikafunga fremu, nikashona. Mashine ilipomaliza nikajilaumu kwa nini nimekuwa nikinunua bekingi miaka yote, maana samaki alitoka vizuri! Makunyanzi kidogo tu pale mapezi yanapoanzia. Halafu nikapiga pasi. Ule mfuko ni polipropilini, unayeyuka kwenye joto la nyuzi kama 160, na pasi ukiiweka kwenye alama ya pamba inapita hapo mbali. Ulijikunja kama nailoni iliyoona moto, ukavuta samaki mzima, na nyuma kukabaki gamba gumu linalokwaruza. Hebu fikiria mtoto wa darasa la kwanza na hilo gamba kifuani, kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni.

Ya tatu ni gamstei, kile kitambaa cha gundi kinachokazia kola; nayo nilijaribu. Inashika kwa gundi, kwa hiyo kitambaa hakitembei, lakini ni nyepesi na mvuto wa mishono inaufuata badala ya kuupinga. Iache kwenye kola.

Sasa ya nne, na hapa nitakaa kidogo. Hii ni ya kukata. Haichaniki, jaribu kuivuta, hivi, na hivi, pande zote mbili inakataa. Hii yangu ni ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Ukikuta imeandikwa kwa aunsi, 2.5 ni karibu gramu 85, kwa hiyo ni mle mle. Samaki wake ndiye huyu. Nimepima duara kwa rula, juu hadi chini na kushoto hadi kulia: ni sawa. Kitambaa cha pembeni kimelala. Nimefua mara tatu kwa sabuni ya kipande, nikaanika juani, na amebaki hivyohivyo, kwa sababu bekingi haikuondoka. Inabaki nyuma maisha yote ya nguo, ikibeba mishono kila inapofuliwa.

Mkienda kununua, msiangalie unene kwa vidole tu. Inueni kuelekea dirishani. Hii, mwanga unapita sawasawa. Na hii nyingine niliuziwa kwa jina hilohilo, tazameni, ina mawingumawingu: hapa nzito, hapa nyembamba kama tishu. Pale penye wingu jepesi ndipo kunyanzi litakapotokea, hata kama gramu zilizoandikwa ni zilezile.

Kasoro yake? Nyuma inaonekana. Kwenye fulana nyeupe nyembamba utaona kivuli cha mraba, utadhani mtu amebandikwa plasta. Ukate kwa mkasi ukiacha kama sentimita moja kuzunguka mshono, na kona uzizungushe, maana kona kali ndiyo inayochoma ngozi na ndiyo inayoonekana.

Kwa nguo nyembamba ndiyo kuna hii ya tano, ya wavu, gramu 40 hadi 50. Nayo ni ya kukata, ila laini kama soksi ya mtoto. Safu moja haikunitosha kwa mishono 9,000. Nikaweka safu mbili, ya pili nikaigeuza ikae upande mwingine, ikawa sawa kabisa. Kwa hiyo ni nzuri, lakini hesabu safu mbili unapopanga bei.

Samahani, stima imepotea. Nasogea mlangoni, mwanga unatosha. Mashine yangu inakumbuka ilipofika, lakini kitu kimoja: msitoe fremu mkisubiri. Ukifungua na kufunga upya, hutapata palepale.

Nilikuwa nasema bei. Mwanzoni niliona ya kukata ni ghali nikairudisha. Sasa fanya hesabu kama mtu wa duka. Kipande cha beji ya kifuani ni sentimita 20 kwa 20. Mita moja yenye upana wa mita moja inakupa vipande 25. Gawa bei ya mita kwa 25, halafu ulinganishe na fulana moja uliyoharibu. Mimi nililinganisha na kumi na mbili.

Sweta za shule zina jambo lake. Januari hapa Kibuye na mjini kote ni sweta tu, na sweta ni nyuzi za kufumwa: mishono inazama ndani kama mtu kwenye tope la mto. Nyuma unaweka ya kukata, na juu unatandika ile ya kuyeyuka kwenye maji, ya kung'aa kama nailoni. Ukimaliza unachana, mabaki unayafuta kwa kitambaa chenye maji. Ila hapa kwetu ziwani hewa ina unyevunyevu, na hiyo kitu inakunywa unyevu hata ikiwa kabatini. Yangu niliiacha wazi mvua za Aprili, nikaikuta imenata kama karatasi ya peremende. Siku hizi inalala kwenye kopo lenye kifuniko.

Na msije mkanunua bekingi nzuri halafu mkaniandikia kwamba bado inakunja. Angalia nyuma ya mshono mpana: uzi wa bobini, yaani wa chini, uonekane katikati, kama theluthi moja. Usipouona kabisa, uzi wa juu umelegea. Ukitawala nyuma yote, uzi wa juu umekaza mno, na hiyo bekingi haiwezi kuitibu. Kisha fremu. Nimeona mafundi wakishafunga skrubu wanavuta fulana pande zote iwe kama ngoma. Chora mraba wa sentimita 10 kwa chaki kabla ya kufunga, halafu pima ikiwa ndani ya fremu. Mimi nilipata 10 na milimita 6. Hizo milimita 6 zinasubiri tu uitoe kwenye fremu ndipo zirudi nyumbani.

Kwa hiyo mimi, kama pesa yako ni ya aina moja tu, nunua ya kukata ya gramu 80, anza na mita mbili. Ya wavu itafuata ukipata kazi ya fulana nyeupe. Ya kurarua, ukipata wateja wa kofia.

Stima imerudi, mnasikia mashine? Mwenyekiti anakuja saa tisa kuchukua zake. Hii ya yai nimemwambia ninaibakisha; naifutia mafuta ya mashine.