Tathmini ya bamba la alumini 6061-T651 kwa kuchonga vipande vyembamba

Kwa miezi minane sasa karakana yetu ya Dar es Salaam imekuwa ikichonga vifuniko vya masanduku ya vifaa vya umeme kutoka kwenye bamba la alumini 6061-T651 lenye unene wa milimita 20 (6061 ni namba ya aina ya aloi, na T651 huonyesha jinsi bamba lilivyotibiwa kiwandani). Kila kifuniko kina urefu wa milimita 300 na upana wa 200, nasi hukichimba upande mmoja mpaka sakafu na kuta zibaki na unene wa milimita 2 tu, kiasi kwamba zaidi ya asilimia 85 ya alumini iliyoingia mashineni hutoka ikiwa mabaki. Kazi ya namna hii hulifichua bamba baya mapema sana.

Awali tulitumia bamba la 6061-T6, yaani la aloi ileile lililotibiwa kwa joto bila kunyooshwa. Kifuniko kilipopimwa kikiwa bado kimebanwa kwenye jiliwa kilikuwa sawa kabisa, lakini tulipolegeza jiliwa kilibenuka katikati kwa milimita 0.6, na gasketi ya kuzuia maji haikukaa tena. Tulimlaumu fundi, tukalaumu mashine, kumbe chanzo kilikuwa ndani ya bamba lenyewe. Alumini ya aina hii hupashwa moto hadi nyuzi joto 530 hivi, kisha hupozwa ghafla. Ngozi hupoa kabla ya kiini, na mwishowe ngozi hubaki imekandamizwa huku kiini kikiwa kimevutwa. Nguvu hizo mbili hushikana kwa mizani, na unapoondoa nyama ya upande mmoja, mizani hiyo huvunjika na kipande hujipinda kutafuta utulivu mpya.

Bamba lenye alama ya T651 hunyooshwa kiwandani baada ya kupozwa, kwa kulivuta hadi lirefuke kwa asilimia 1.5 hadi 3, na mvuto huo hupunguza sehemu kubwa ya nguvu zilizojificha. Tofauti tuliiona siku ya kwanza: kwa programu ileile na vikatio vilevile, kubenuka kulishuka hadi milimita 0.15. Kwa sababu hiyo nimelipatia bamba hili alama 4 kati ya 5.

Alama moja nimeizuia kwa sababu mnunuzi anaweza kudhani kwamba bamba hili linamaliza tatizo, na halimalizi. Milimita 0.15 bado zilikuwa nyingi kwetu. Tulifika 0.05 baada ya kuanza kupunguza nyuso zote mbili kidogo, kuchimba mkato wa awali huku tukibakiza milimita 1 kila mahali, kukifungua kipande kabisa na kukiacha kipumzike hadi kesho yake, ndipo kukibana tena kwa nguvu ndogo kwa ajili ya mkato wa mwisho. Ukuta mwembamba haustahimili jiliwa lililokazwa kwa hasira: ugumu wa alumini dhidi ya kupinda ni kama theluthi moja tu ya ule wa chuma cha pua au cha kawaida, na sakafu ikipunguzwa unene kwa nusu, ukinzani wake hushuka hadi sehemu moja ya nane. Joto nalo lina sehemu yake. Kipande cha milimita 300 kikipanda nyuzi joto 10 hurefuka takribani milimita 0.07, kwa hiyo maji ya kupozea yasikatike, na vipimo vichukuliwe kipande kikiwa kimepoa.

Bei ilikuwa juu kwa karibu theluthi moja kuliko ya bamba tulilolizoea, nami naona ni halali, kwa kuwa kifuniko kimoja kilichoharibika kilitugharimu saa tatu za mashine. Kinachoniudhi ni vipande vilivyokatwa dukani, ambavyo mara nyingi hufika bila mhuri wa kiwanda. Mara moja tuliuziwa kipande kisicho na alama kwa jina la T651, na kilipinda kama vile vya zamani. Siku hizi tunanunua bamba zima, na kila kipande kinachobaki tunakiandika alama yake kwa kalamu ya wino mzito kabla msumeno haujazimwa.