Gari la Japani la kukaa nalo miaka kumi: lipi ununue

Mtu akitaka gari Tanzania, maswali ya kwanza huwa mawili: bei gani, na linakula mafuta kiasi gani. Ni maswali ya haki, ila yanamfaa zaidi anayetaka kuendesha miaka miwili kisha auze. Kama unataka gari likae nyumbani mpaka mtoto aliyeko chekechea amalize darasa la saba, anza na swali jingine: chini ya boneti kuna injini gani, na imefungwa gia boksi gani. Jina lililobandikwa nyuma lisikubabaishe. Toyota wametengeneza injini za kudumu na wametengeneza za kumaliza mfuko, na mara nyingine zote mbili zimewekwa kwenye gari la jina moja na sura ile ile.

Mpangilio huu ni wa magari yaliyotumika, uagize Japani au ununue hapa hapa. Kigezo changu ni kimoja: litakuwaje likifika kilomita 250,000 kwenye barabara zetu, foleni zetu na mikono ya mafundi tulio nao. Starehe na sura nimeziweka nyuma.

Nafasi ya kwanza: magari ya injini ya 1NZ

1NZ-FE ni injini ya petroli ya Toyota ya lita 1.5, silinda nne. Taimingi yake ni ya cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa, na nozeli zake zinanyunyiza mafuta kwenye njia ya hewa kabla hayajaingia kwenye silinda. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ndilo linalofanya ivumilie petroli yetu bila kununa. Utaikuta kwenye Probox na Succeed, Raum, Spacio, Fielder NZE121, Premio na Allion za 1.5, na IST ya 1.5. IST ya 1.3 ina mdogo wake, 2NZ-FE, na tabia zao ni zile zile.

Faida kubwa ya familia hii ni wingi wake. Fundi wa Mbagala, wa Tunduma na wa Bukoba wote wameshaifungua mara nyingi. Plagi, koili, pampu ya maji, maunti za injini, vyote viko Gerezani Kariakoo, vipya na vya mtumba kutoka Japani, na duka moja likikosa la jirani linacho. Gari likizeeka, kinachokuokoa ni hicho: ukiharibikiwa Jumanne, Jumatano uko barabarani.

Ndani ya familia hii mimi naiweka Probox juu kabisa, pamoja na pacha wake Succeed. Zilitoka 2002 zikiwa gari la kazi, la makampuni ya Japani kubebea mizigo na mafundi. Dashibodi ni plastiki ngumu, nyuma kuna nafasi kama stoo, na karibu kila kitu ndani yake kiliwekwa kwa sababu ya kutumika. Kule Japani gari la mizigo la namna hii hukaguliwa na serikali kila mwaka baada ya miaka miwili ya mwanzo, wakati gari dogo la abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Jirani zetu Wakenya wameibebesha mizigo ambayo wengine wangeita lori, na inaendelea. Ubaya wake ni kwamba nyingi huja zikiwa zimetembea sana. Mimi naona kilomita 160,000 za kweli zilizotunzwa ni bora kuliko 70,000 za kuchezewa. Mpaka 2014 Probox ilitumia otomatiki ya kawaida ya gia nne. Baada ya hapo waliweka CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua. Ya kabla ya hapo ndiyo ya kukaa nayo.

Fielder NZE121, iliyotengenezwa 2000 hadi 2006, ni chaguo zuri kwa anayetaka ulaini kidogo, nayo ni ya gia nne. Iliyofuata, NZE141, ina injini hiyo hiyo lakini nyingi zina CVT. Sisemi uikimbie. Nasema ujue kwamba CVT ina oili yake maalumu, na fundi akikuambia "oili ya gia boksi ni oili tu", ondoa gari hapo.

IST inauzika haraka kuliko karibu gari lolote dogo hapa nchini, na hiyo ni akiba. Ila zilizo mikononi mwa watu hapa zimepitia teksi za mtandaoni kwa wingi: bushi, shokapu na boljointi zimechoka, na viti vimebadilishwa vitambaa kuficha. Kwa IST, bora kuagiza.

Nafasi ya pili: Premio na Allion za 2007 na kuendelea

Hapa unapata gari la familia la heshima, lenye utulivu wa safari ndefu. Chukua ya 1.5, ambayo ni 1NZ ile ile, au ya 1.8 yenye 2ZR, injini nyingine ya cheni isiyo na makuu. Nyingi ni CVT, kwa hiyo onyo la oili linarudi. Gari liko chini, na mwenye nyumba iliyo ndani ndani huko Goba au Kivule atalisikia tumbo likiparuza kila msimu wa mvua. Kizazi kilichotangulia, cha 2001 hadi 2007, nacho ni kizuri, ila ya 2.0 iache, ni ya D-4, yaani inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na sababu ziko mbele.

Nafasi ya tatu: Prado ya petroli, au Hardtop kwa mwenye uwezo

Mwenye shamba Kilindi au kazi Ngorongoro hawezi kuambiwa anunue Raum. Kwake yeye nasema Prado ya 2004 hadi 2009 yenye 2TR-FE, petroli ya 2.7. Haina mbio na mafuta inakula. Lakini ni cheni, ni rahisi, na haina turbo. Ya dizeli ya 3.0, 1KD, ina nguvu tamu sana na ndiyo watu wanayoipenda, lakini nozeli zake hazitaki dizeli chafu, na seti ya nozeli nne inaweza kukulaza macho. Tena ina mkanda wa taimingi, ambao Toyota wameuwekea taa ya kukumbusha kila kilomita 150,000. Ukinunua iliyotumika hapa, usiamini kwamba taa imezimwa kwa sababu mkanda umebadilishwa.

Land Cruiser Hardtop, ile inayoitwa mkonga, yenye 1HZ ya lita 4.2, silinda sita, dizeli isiyo na turbo, ndiyo gari gumu kuliko yote yaliyotajwa hapa. Kampuni za utalii za Arusha zinakata na kurefusha Land Cruiser hizi ziende Serengeti miaka na miaka. Sikuiweka ya kwanza kwa sababu ya bei tu: hata iliyochakaa inauzwa ghali, na ukubwa wa injini unapandisha kodi.

Nafasi ya nne: Harrier na RAV4 za 2.4

Injini yao, 2AZ-FE, ni laini na ina nguvu ya kutosha. Kasoro inayojulikana ni kula oili, hasa za kuanzia karibu 2006. Ukiipata isiyokula oili, umepata gari. Ikishaanza, kila safari ya Dodoma unabeba galoni kwenye buti. RAV4 ya 2000 hadi 2005 ya 2.0 iliyotoka soko la Japani ni ya D-4, usiichanganye na hizi.

Nafasi ya tano: Forester na X-Trail

Ni magari mazuri yanayotaka mwenyewe. Forester zenye injini za EJ zina mkanda wa taimingi, na kwa sababu silinda zimelala pembeni, hata kubadilisha plagi ni kazi ya mtu anayejua. X-Trail ya 2007 hadi 2013 nyingi ni za CVT inayotaka oili ya Nissan ya NS-2, si ya Toyota na si ya kukisia. Kama uko Dar, Arusha au Nairobi na una fundi aliyebobea kwenye aina hiyo, endelea kwa moyo mmoja. Kama uko Sumbawanga, panda juu kwenye orodha.

Za kuacha kama lengo ni kukaa nazo

Fungua boneti. Ukiona D-4 kwenye mfuniko wa injini ya Nadia, Opa, Noah au Voxy ya 2001 hadi 2007, funga boneti kwa upole, mshukuru muuzaji. D-4 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya mgandamizo mkubwa. Matokeo yake ni kwamba petroli haipiti tena juu ya vali za kuingizia hewa, na masizi yanajijenga pale. Pampu na nozeli nazo ni za bei mbaya. Dalili ni zile watu wanazozilalamikia kila siku: gari linatetemeka likisimama, linazima kwenye foleni, asubuhi linawaka kwa tabu. Mitsubishi za GDI ni hadithi hiyo hiyo. Mark X na Crown za 2.5 V6 nazo zinapuliza moja kwa moja. Zinaendeshwa kwa raha kweli, ila si za mtu anayehesabu miaka kumi.

Haibridi kama Aqua na Prius ni swali tofauti. Teknolojia yenyewe ni imara. Tatizo ni umri wa betri unayoletewa, na vumbi letu linaloziba feni ya kuipoza. Nunua kama una fundi wa umeme wa haibridi mjini kwako. La sivyo ngoja.

Kuagiza au kununua hapa

Hapa kwetu watu wanapima ujana wa gari kwa herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye namba ya usajili: "ni namba D hii". Namba inakuambia limesajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2003 linaweza kuvaa namba D. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye kadi, na uutafute kwa namba ya chesisi.

Ukiagiza, omba karatasi ya mnada ya Kijapani yenyewe, yaani ripoti ya gari lilivyokaguliwa mnadani, si muhtasari wa muuzaji. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 linakubalika kwa gari la kazi, R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kisha omba hati ya kuuza nje: ina kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa Japani. Zikizidi za dashibodi, umeshapata jibu.

Kodi ipige kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata senti. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30, na TRA hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake. Mara nyingi kodi hukaribia bei ya gari lenyewe au kuipita. Kenya wao hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka 8.

Namna ya kulikagua

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti. Kama ni ya moto, amelipasha kuficha kitu, rudi kesho yake. Fungua mfuniko wa oili: ukikuta ute mweupe mzito ndani, huenda maji na oili vimekutana na gasketi ya hedi ina shida. Fungua rejeta likiwa baridi: maji ya rangi ya kutu maana yake mwenyewe alikuwa anaweka maji ya bomba miaka yote. Washa, ukae nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Kisha kanyaga breki, toa D peleka R, rudisha. Gari likikawia kidogo halafu likashtuka, gia boksi limechoka.

Tazama raba ya pedali ya breki. Dashibodi ikisema kilomita 60,000 na raba imelika mpaka chuma kinaonekana, amini raba. Tairi zina tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa kwenye kiduara: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Fedha yako yote usiimalizie kwenye kununua. Bakiza za wiki ya kwanza: oili ya injini na filta, oili ya gia boksi ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kulanti badala ya maji, mkanda wa taimingi kama injini inao, na plagi halisi kutoka duka unaloliamini, maana za bandia zimejaa sokoni na maboksi yake yanafanana na ya kweli. Baada ya hapo oili ya injini ni kila kilomita 5,000. Kwa gari la foleni ya Mbezi au Mandela, linalonguruma kwa muda wa saa mbili asubuhi bila kwenda mbali, usisubiri hata hizo zitimie.