Miezi kumi na kempa juu ya Hilux: niliyoyaweka na niliyoyakataa

Kazi yangu ni kupima maji ya chini ya ardhi kabla kisima hakijachimbwa. Usiku mwingi nalala Simanjiro au Longido kuliko nyumbani Moshono, Arusha, na kuna gesti huko ambazo najua hadi kitanda kipi kina kunguni. Mwaka jana nikachoka. Nikamwambia mke wangu, Mama Neema, nataka kuweka nyumba mgongoni mwa Hilux. Aliuliza swali moja tu: "Ina choo?" Choo tutakifikia.

Kwa asiyezijua, kempa ya aina hii ni boksi linalokaa kwenye bodi ya pikapu, kitanda kikiwa kimechomoza juu ya kabini. Paa lake linanyanyuka. Ukifika unalisukuma kutoka ndani, kuta za turubai zinajikunjua, unapata nafasi ya kusimama wima. Ukiondoka unalishusha, unafunga ndoano nne, na gari linarudi kuwa la mita 2.2 kwenda juu, halisumbuliwi na upepo wala matawi. Marekani wamezizoea sana. Kampuni kama Four Wheel Campers inazitengeneza tangu 1972. Lakini paa la kunyanyuka si jambo geni kwa mtu wa Arusha. Simama Kisongo asubuhi uhesabu Land Cruiser za watalii zinazopita. Mafundi wa mapaa hayo tunao, kwa hiyo sikuona sababu ya kuagiza ng'ambo.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye gereji Unga Limited, na mkononi nina karatasi tatu. Nilikuwa nimechapisha orodha ya vitu vya kuchagua kwenye kempa za Kimarekani: hita ya gesi, bitana ya kuzuia baridi, bafu la ndani, choo cha kuvuta, jeki nne za umeme, kiyoyozi, taa za nje pande zote. Nyumbani nilikuwa nimeshaweka tiki karibu kila mstari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Injinia. Unataka paa la kutazamia simba?"

"La kulala."

Akavaa miwani, akasoma karatasi zote bila haraka, kisha akaniuliza, "Moshono siku hizi kunaanguka theluji?"

Hapo ndipo nilipoanza upya. Orodha ile ilikuwa nzuri, ila iliandikiwa mtu anayelala kwenye barafu, tena mwenye gari kubwa kuliko langu. Mimi ninapopita adui ni vumbi, na nina Hilux ya kabini moja yenye uwezo wa kubeba kama tani moja. Vifaa vyangu vya kupimia, rola za nyaya na nyundo ni kilo 180. Mimi na kijana wangu wa kazi ni 150, na yeye ni mwembamba. Yaani sijachagua hata kabati moja, theluthi ya tani imeshaliwa.

Kwa hiyo kila kitu nikakigeuza kilo. Mzee alitaka fremu ya chuma kwa sababu ndicho anachochomelea kila siku. Nikang'ang'ania alumini, tukapoteza wiki mbili kutafuta mtu wa kuichomelea vizuri. Seremala naye alitaka makabati ya marini bodi ya milimita 18. Karatasi moja ya hiyo ina zaidi ya kilo 30! Tukatumia plaiwudi nyembamba, na milango ya chini tukaiacha kabisa, tukaweka neti za kamba. Mwishoni nilipeleka gari kwenye mizani ya mnunuzi wa mahindi, kabla na baada ya kufunga kempa. Kempa tupu ilikuwa kilo 410. Ikiwa na maji, godoro, gesi, betri na masufuria, 540. Tangi la maji na betri viko mbele, karibu na kabini, ili mzigo usikae nyuma ya ekseli. Mzee ndiye aliyesisitiza hilo, na ninamshukuru kila ninapokata kona.

Muda alioniahidi ulikuwa wiki sita. Ilichukua miezi minne. Nadhani wasomaji wa Arusha hawahitaji maelezo.

Sasa vumbi. Safari ya kwanza nilikwenda Ketumbeine mwezi wa nane, upepo unavuma, barabara ni majivu matupu. Nilipofungua mlango wa nyuma jioni nilitamani kulia. Godoro lilikuwa la kijivu. Chumvi ilikuwa ya kijivu. Nilipiga shuka kofi moja tu, tukatoka nje wote wawili tunapiga chafya. Nilimpigia simu mzee kwa hasira, nikamwambia mpira wa mlango wake haufai.

Mpira ulikuwa na kasoro kidogo, ni kweli, lakini hilo halikuwa tatizo lenyewe. Gari linapokimbia, wingu la vumbi linazunguka na kujikusanya nyuma yake. Upepo unaopita juu na ubavuni nao unanyonya hewa ya ndani ya boksi kupitia vijitundu vya paa na madirisha. Hewa ikitoka lazima nyingine iingie, na inaingia kwa nyuma, kule kule kwenye wingu. Ungeziba mlango kwa gundi, vumbi lingepita kwenye tundu la skrubu.

Dawa yake ni kulisukumia boksi hewa safi kwa mbele. Mzee alitengeneza mdomo mdogo wa bati juu ya kabini, akaweka ndani yake kisanduku chenye filta ya hewa ya gari, ya kawaida kabisa, na kifuniko cha kufunga mvua ikinyesha. Gari likitembea, upepo unajisukuma ndani kupitia filta, boksi linajaa hewa, na kwenye matundu ya nyuma hewa inatoka badala ya kuingia. Tulilipa shilingi 140,000 pamoja na filta. Sasa nikitoka Naberera hadi Terrat, vumbi ninalolikuta ni mstari mwembamba kwenye kizingiti, nafuta kwa kitambaa kimoja. Filta naikung'uta kila jioni. Katika vitu vyote nilivyoweka hiki ndicho bora, na hakikuwamo kwenye zile karatasi tatu.

Umeme ndio ulionipa usiku mbaya kuliko wote. Nina paneli ya wati 200 juu ya paa, betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 na friji ya kompresa ya lita 45. Huku kwetu karibu na ikweta paneli ikilala bapa inatosha, jua linapita utosini. Siku ya kawaida inairudishia friji ilichokula na ziada. Kwenye karatasi kila kitu kiko sawa. Tukiwa Gelai, saa nane usiku, friji ikaanza kulia pii, pii, pii, ikazima. Napima betri, ina volti 13.1. Bado ina umeme! Nikahamishia mita kwenye plagi ya friji nikasubiri kompresa ijaribu kuwaka: volti zikashuka hadi 10.9.

Fundi umeme, ambaye si mzee wala si wa gereji yake, alikuwa amepitisha waya wa milimita 1.5, ule wa taa za nyumbani, umbali wa mita sita, na viungo akavisokota kwa mkono na kuvifunga seloteipu. Kompresa inapoanza inavuta umeme mwingi kwa mpigo, waya mwembamba unaukaba, friji inadhani betri imekufa, inajizima kuilinda. Asubuhi maziwa yalikuwa mtindi. Tulibadilisha waya kuwa wa milimita 6, viungo vya kubana kwa koleo, na fyuzi karibu na betri, ambayo yule bwana hakuiweka kabisa. Kazi nzima ilikuwa ya saa mbili. Invata, ile ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, nilikataa tangu mwanzo na sijaikosa. Nilichokosea ni kutonunua chaja ya kuchukua umeme kwenye alteneta ya injini gari likitembea. Masika, mawingu yalipokaa siku tatu, betri ilibaki asilimia 15, nikalazimika kuinunua hata hivyo.

Kwenye maji labda mimi ni msumbufu kuliko watu wengine. Nilitaka tangi la lita 120, nikakumbuka ni kilo 120, nikaweka 60. Hayo ni ya kuoga na kuosha vyombo tu. Ya kunywa nabeba kwenye dumu la lita 20 kutoka nyumbani. Wauzaji walinishawishi niweke kichujio kwenye bomba ili nijaze popote. Kichujio cha kawaida kinachuja tope na kinaweza kuzuia vijidudu, lakini hakitoi floridi, na maeneo mengi ya kuuzunguka Mlima Meru yana maji yenye floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Tazama tu meno ya watu wa huko yalivyo ya kahawia. Mkaa wa mifupa unaitoa, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi hiyo miaka mingi, lakini sikuwa tayari kubeba pipa la mkaa. Dumu linatosha.

Jiko ni la plate mbili na mtungi wa kilo 6. Seremala aliufungia mtungi kwenye kabati zuri lisilo na upenyo hata wa sindano. Nikamwomba atoboe tundu sakafuni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini. Isipopata pa kutokea inakusubiri uwashe kiberiti.

Paa lenyewe lilianza vibaya. Shokapu za gesi za kulisaidia kunyanyuka zilikuwa za mtumba, za mlango wa nyuma wa Noah, zimechoka, na hesabu ilipigwa kabla ya paneli kuwekwa. Mama Neema alilisukuma kwa mikono miwili, kisha kwa kichwa, akalitazama, akaenda kukaa kwenye kiti. Tulinunua mpya zenye nguvu zaidi, na tangu hapo sipakii hata ndoo juu ya paa. Sasa analifungua kwa mkono mmoja.

Hita sijaihitaji. Tulilala na watoto Simba, ile kambi iliyo ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, baridi ya kung'ata. Mablanketi mawili kila mmoja, zipu ya dirisha moja imeachwa wazi kidole kimoja ili turubai lisitoe jasho, na tuliamka wazima.

Na choo? Nilipinga kwa miezi saba. Nikasema nina jembe. Halafu fisi akapita nyuma ya gari saa tisa usiku Mama Neema akiwa na tochi mkononi na mguu mmoja nje. Kile kidogo cha plastiki chenye mfuniko kilinunuliwa wiki ileile, kina kilo 4, kinakaa chini ya kiti, na silijadili tena suala hilo.

Jumla nimetumia shilingi milioni 19 na ushei: boksi lenyewe 11.5, umeme na friji 4.6, mengine ni godoro, springi za nyuma zilizoongezwa jani moja, na kurudia makosa. Nimelala humo usiku 74. Kama wewe unakwenda mbugani mara moja kwa mwaka, kodisha hema, usijitese. Mimi nimeshasahau bei ya gesti.

Mlango wa nyuma bado unapiga kelele nikifika kwenye matuta ya Kisongo. Mpira mwingine nimeshaununua, uko kwenye dashibodi, nitaubandika Jumamosi.