Kikaushio cha jua kwa mabamba ya mpira: nunua chenye chumba cha giza

Kikaushio ninachokitathmini hapa kina sehemu mbili: bati lililopakwa rangi nyeusi na kufunikwa kwa kioo, na chumba kisichopitisha mwanga, ambamo mabamba ya mpira, yaani utomvu wa mti wa mpira uliogandishwa na kukamuliwa kuwa bapa, hutundikwa kwenye fito. Hewa hupata joto chini ya kioo, husukumwa chumbani na feni ndogo ya sola, kisha hutokea kwenye dohani ikiwa imebeba unyevu.

Giza la chumba hicho ndilo lililonifanya nikikubali. Miali ya jua huharakisha kuungana kwa mpira na oksijeni, na bamba lililoanikwa juani moja kwa moja huanza kunata na kupoteza nguvu. Kwa sababu hiyo vikaushio vyenye paa la nailoni angavu, ingawa ni rahisi kujenga, sivipendekezi kwa kazi hii. Joto nalo lina mpaka wake. Nyuzi 40 hadi 60 za Selsiasi zinatosha, na likizidi sana bamba hufanya malengelenge, hasa likiwa bado bichi. Kipimajoto na kilango cha hewa vilivyofungwa hapa vina kazi kubwa kuliko feni yenyewe.

Usiku na siku za mvua ndipo jua peke yake linaposhindwa, kwa kuwa hewa nyevu hurudi chumbani na ukungu kuota. Tanuri dogo la kuni huuzwa kando, nami nashauri linunuliwe pamoja na kikaushio. Moshi wake una kemikali zinazozuia ukungu, na zaidi ya hapo, bamba lisilofukizwa moshi haliwezi kuingizwa katika madaraja ya RSS (Ribbed Smoked Sheets, yaani mabamba yenye mifuo yaliyofukizwa moshi), hata liwe safi namna gani. Litauzwa kama bamba lililokaushwa kwa hewa, ambalo si kila mnunuzi hulihitaji. Kuni basi haziondoki, ila hupungua, na kwa anayezinunua huo ni unafuu wa kweli.

Kasoro yake ni fito zilizokaribiana mno. Mabamba yanapogusana, hata yaliyokamuliwa vizuri hadi unene wa milimita 3 hivi, hubaki na madoa meupe ya unyevu pale yalipogusana, ilhali sehemu nyingine zimekwisha kuwa na rangi ya asali. Mtengenezaji angepunguza idadi ya fito katika kila safu, na hadi afanye hivyo, mtumiaji aache ufito mmoja mtupu kati ya kila miwili.