Tepu za kukatia hesi: hesabu meno ya mdomoni kabla ya kutoa pesa

Malalamiko huja kwa sura moja, yawe yametoka Mafiati, Makambako au Mafinga. Mtu ametoboa kava ya aluminiamu ya injini, amepitisha tepu (kifaa cha chuma kigumu kinachochonga hesi, yaani meno ya kuzungushia boliti, ndani ya tundu), boliti imeingia kwa vidole vizuri tu, halafu imekwama kabla kichwa hakijagusa kava. Anaongeza spana, anasikia imekaza, anawasha gari. Baada ya siku chache oili inavuja palepale, au kava ina ufa. Lawama zinaenda kwa boliti, kwa gasketi, kwa gundi ya gasketi. Tepu yenyewe haiulizwi.

Ubora wa chuma na umaarufu wa chapa kila mtu anavisema, sitavirudia sana. Kinachosahaulika ni mdomo. Kila tepu imechongwa mbele ikawa nyembamba ili iweze kuanza kukata, na meno ya sehemu hiyo hayakati hesi kamili. Tepu ya kuanzia ina meno 7 hadi 10 ya namna hiyo, ya kati ina 3 hadi 5, na ya kumalizia ina 1 au 2 tu. Sasa piga hesabu kwa M8×1.25, yaani kipenyo cha milimita 8 na pichi (umbali kati ya jino na jino) ya milimita 1.25. Meno 8 mara 1.25 ni milimita 10. Tundu likiwa na kina cha milimita 22 na lina kitako, yaani halipenyi upande wa pili, tepu ya kuanzia ikigonga chini inakuachia milimita 12 za hesi kamili. Kilichobaki ni hesi nusunusu zinazozidi kupungua. Boliti inayotakiwa kuingia milimita 18 inaanza kujibana humo ikiwa bado ina milimita tano au sita za kwenda. Hata spana ya toki, ile inayolia ikifikia nguvu uliyoipanga, inadanganyika: inalia, lakini nguvu yote imeishia kwenye msuguano wa hesi na kava haijabanwa.

Tundu linalopenya halina shida hiyo, kwa sababu mdomo unatokea upande wa pili. Lakini kwenye blok, silinda hedi na hausingi ya giaboksi, matundu mengi yana kitako. Ushauri wa kutoboa zaidi ili mdomo upate pa kwenda unafaa kwenye pande la chuma lililobanwa kwenye jiliwa. Kwenye injini, milimita chache chini ya kitako kunaweza kuwa na njia ya maji au ya oili. Tena aluminiamu inadai hesi nyingi: boliti ishikwe kwa urefu wa mara 1.5 hadi 2 ya kipenyo chake, yaani milimita 12 hadi 16 kwa M8. Chuma kwa chuma, mara 1 inatosha.

Tazama pia ncha. Tepu ndogo nyingi zina kichongo mbele kama cha penseli, kinachokula milimita mbili tatu zaidi za kina. Kwenye tepu ya kumalizia kichongo hicho hakitakiwi. Ukikikuta, kisage kwenye jiwe kidogokidogo huku ukichovya kwenye maji, chuma kisibadilike rangi.

Namba moja kwangu ni Dormer, na sifichi upendeleo. Ni kampuni iliyoanza Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Tafuta tepu zake za mkono za HSS (chuma kigumu cha zana za kukatia) za kiwango cha kimataifa cha ISO 529, zikiwa tatu za saizi moja. Kwa kawaida zote tatu zina kipenyo kamili na zinatofautiana mdomo tu. Faida yake ni kwamba kama hesi za zamani zimechafuka bila kufa, unaweza kupitisha ya kati na ya kumalizia bila kuanza mwanzo. Na ukipoteza moja, unanunua hiyo moja.

Ya pili ni Völkel ya Ujerumani, seti za tatu za DIN 352, kiwango cha Kijerumani. Chuma chake sina neno nacho. Nimeishusha kwa sababu DIN 352 ni ya hatua: ya kwanza na ya pili ni nyembamba kuliko kipimo, na ni ya tatu pekee inayofikisha hesi kwenye kipimo kamili. Anayeruka moja, au anayeishia ya pili, anapata boliti inayogoma. Mikia ina miviringo: mmoja kwa ya kwanza, miwili kwa ya pili, na ya tatu mara nyingi haina. Ukiwa na mashaka, pima kipenyo kwa venia, kipimo cha taya.

Ya tatu ni Totem ya India, nayo huuzwa tatutatu za HSS. Kwa anayefunga stadi (boliti zisizo na kichwa) za egzosi za pikipiki na vipande vya pawatila za Mbarali, inatosha kabisa.

Kiboksi cha vipande arobaini ni cha mwisho. Mara nyingi saizi moja ina tepu moja, yenye mdomo wa katikati usiofika kitako, na chuma ni cha kaboni. Kusafishia hesi zenye rangi au kutu kinafaa.

Usinunue saizi usizozihitaji. Magari yetu mengi ni ya Japani, na hapo boliti ya 10 mara nyingi ni M10×1.25, si M10×1.5 ambayo ndiyo inayojaa madukani. Anza na M6×1.0, M8×1.25 na M10×1.25, kisha M12×1.25, ambayo ndiyo ya nati ya sampu (ya kumwagia oili chini ya injini) kwenye Toyota nyingi. Stadi za tairi ni habari nyingine: Toyota ndogo hutumia M12×1.5 na Nissan M12×1.25, na tepu ya moja inaharibu nati ya nyingine kwa mizunguko michache. Pima kwa geji ya hesi, au chukua boliti nzima ya gari lilelile uilinganishe na tepu meno kwa meno kwenye mwanga.

Nunua biti pamoja na tepu. Kanuni ni kipenyo kutoa pichi: M6 inataka biti ya 5.0, M8 ya 6.8, M10×1.25 ya 8.8 na M12×1.25 ya 10.8. Boksi la biti linalopanda kwa nusu milimita halina 6.8 wala 8.8. Anayetumia 6.5 kwa M8 anabana tepu mpaka inakatika, anayetumia 7.0 anapata hesi fupi, ambazo chuma kitazivumilia lakini aluminiamu itazilalamikia. Na tepu ya HSS ikikatikia ndani, biti ya kawaida haitaigusa.

Mpini nao uwe na taya za chuma kigumu zinazoshika pembe zote nne za mkia. Kwa M6 tumia mpini mfupi wa T. Mpini mrefu unaficha uzito mpaka usikie imekatika.

Kazi yenyewe haina haraka. Piga senta panchi, tangulia na biti ya 3 au 4, kisha biti ya kipimo ikiwa imefungwa utepe kwenye kina unachotaka. Panua mdomo wa tundu kidogo kwa biti kubwa ili hesi ya kwanza isinyanyuke. Weka tepu, zungusha mara mbili, toa mpini, ukague unyoofu kwa skwea ndogo pande mbili. Hapo ndipo pa kurekebisha. Ukishaingia mizunguko minne, kuilazimisha inyooke ni kuivunja. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kwenye tundu lenye kitako itoe tepu nzima kila mizunguko miwili mitatu, usafishe chenga kwenye mifereji yake. Ukisikia imegonga chini, acha, badili ya kati, halafu ya kumalizia.

Kwa aluminiamu tumia mafuta ya taa. Kwa chuma, mafuta ya kukatia. Yakikosekana, mafuta ya nguruwe yanafanya kazi nzuri, na Mbeya hayana uhaba. Chuma cha kasti kinakatwa kikavu. Ukimaliza, kausha tundu mpaka chini kwa upepo, macho yakiwa na miwani. Oili au maji yakibaki kwenye kitako, boliti inayashindilia na kupasua kasti. Boliti za breki, stelingi na sasipensheni usizifanyie majaribio nyumbani. Kipande kilichokufa hesi huko hubadilishwa.

Ikiwa hesi zimeng'oka kabisa kwenye tundu la plagi, hakuna tepu ya kawaida itakayokusaidia. Nunua seti ya helikoili (springi ya waya inayofungwa ndani ya tundu iwe hesi mpya) ya saizi hiyo: M14×1.25 kwa plagi za magari mengi ya zamani, M12×1.25 kwa pikipiki zinazotumia plagi ya D8EA, M10×1.0 kwa zile za C7HSA. Tepu yake ni nene kuliko jina lake, hivyo usiichanganye na za kawaida. Ya M8, kwa mfano, inataka biti ya 8.3.

Sasa wauzaji. Mwanjelwa kama Iringa mjini, bei haibandikwi, inasomwa usoni mwako na kwenye gari ulilokuja nalo. Seti ya tatu inafumuliwa: ya kati inauzwa peke yake kwa sababu ndiyo inayoulizwa, kisha zinazobaki, hata kama ni mbili za kuanzia, unauziwa kwa jina la seti. Ukiuliza ya kumalizia unajibiwa "zote zinakata". Nyingine ni tepu za mashine zenye mifereji iliyopinda, ambazo kwa mkono zinakatika kirahisi. Na neno HSS huchapwa kwenye kasha wakati mkia wa tepu hauna kitu. Kataa kununua kitu ambacho huruhusiwi kukifungua: toa tatu zote, zipange, hesabu meno membamba kwa kucha.

Ukiagiza Kariakoo mzigo uje na basi la usiku, usiandike "tepu ya kumi". Andika hivi: "Seti ya tepu tatu za mkono, HSS, M10×1.25, kuanzia, kati na kumalizia, pamoja na biti ya 8.8. Nitumie picha ya midomo yote mitatu na maandishi ya kwenye mikia kabla sijalipa."