Malta: kadi yangu haikufaa, mpaka nikubali kununua bima yao

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Kama unapanga kwenda Malta na unafikiria kukodi gari pale uwanja wa ndege, soma hapa kwanza, kulipa baadaye.

Malta niliichagua kwa sababu wanaendesha kushoto. Mwingereza alitawala hadi 1964, na barabara wakabaki nazo hivyo hivyo. Mimi naishi Ujerumani, kila siku naendesha kulia, lakini gari nilijifunzia Tanga, na mama yangu mzazi alikuwa amekuja kunitembelea. Nilitaka mama akae pembeni yangu, tuzunguke kisiwa taratibu kama nyumbani, asihangaike kupanda na kushuka mabasi na magoti yake yale. Gari nikalilipia kabisa mtandaoni. Masharti nikayasoma, nikayachapisha: kadi ya benki yenye jina la dereva. Hakuna zaidi.

Tukafika. Foleni ndefu, mama kakaa juu ya sanduku. Zamu yangu ilipofika, dada wa kaunta aliichukua kadi, akaigeuza mara moja, akanirudishia kwa kuisukuma na kidole kimoja. "Hii ni ya debiti. Dhamana tunapokea kadi ya mkopo tu." Debiti ni ile inayokata pesa zako mwenyewe zilizo benki, na dhamana ni kiasi wanachozuia kwenye kadi mpaka urudishe gari. Nikamtolea karatasi yangu. Hakuisoma. Hiyo ni ya waliokuuzia mtandaoni, akasema, si yetu. Nikamwambia pesa zipo, zuia kiasi unachotaka. Akatikisa kichwa huku macho yako kwenye kompyuta. Halafu, kwa sauti ileile, akasema njia ipo: nikinunua bima yao kubwa hapo hapo, kadi yangu itakubaliwa.

Kadi ileile! Kuwekea dhamana haifai, kukatwa pesa za bima inafaa. Na bima yenyewe ilizidi bei ya gari kwa siku zote tulizopanga kukaa. Bima ya ziada nilikuwa nimeshakata Ujerumani, hakutaka hata kuiona. Nilipomuuliza mbona hilo halikuandikwa popote, akanyoosha mkono juu ya bega langu kumwita aliyekuwa nyuma yangu. Mbele ya mama yangu. Kiingereza mama hakielewi sana, lakini ule mkono aliuelewa.

"Mwanangu, tuondoke," akasema. "Hawa wameshaamua."

Tukatoka nje tukapanda basi la Ċirkewwa, bandarini, kwenye feri ya kwenda Gozo, kisiwa cha pili cha Malta. Hapo lazima niseme kweli. Kijana mmoja alimpisha mama kiti kabla sijafungua mdomo. Feri nayo, kwenda Gozo hulipi chochote, nauli unatoa wakati wa kurudi, pale Mġarr, bandari ya Gozo. Mama aliniuliza njia nzima kama nina hakika hatutashushwa. Alikaa upande wenye upepo akaiangalia bahari, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikamwona anatabasamu. Jioni nikasema, huenda wale wa kaunta wamenifanyia wema. Valletta, mji mkuu, ni mji wa kutembea kwa miguu, na Mdina, mji wa kale, magari ya wageni yanabaki nje ya kuta. La gari ni nini basi?

Kauli hiyo naifuta. Siku iliyofuata tulisimama juani Buġibba, mabasi yanapita yamejaa pomoni, dereva hata hapunguzi mwendo. Tangu 2022 wakazi wenye kadi zao wanapanda bure, na majira ya joto wageni nao ni wengi. Dereva simlaumu, angetuweka wapi? Ila kila basi lilipopita nilimwona mama anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu, na nikaikumbuka kaunta ile.

Pesa yangu je? Walioniuzia wanasema niwadai wenye magari. Wenye magari wanasema sikufika kuchukua gari. Sikufika! Nilisimama mbele yao na leseni mkononi.

Kwa hiyo, wewe unayepanga: kabla ya kulipa, waandikie wenye magari wenyewe, si tovuti inayowauzia. Uliza kama debiti inapokelewa bila kununua bima yao, na dhamana ni kiasi gani. Wakujibu kwa maandishi. Kama una kadi ya mkopo, iwe na jina la atakayeendesha. Ya mume au ya dada yako watakurudishia. Na wakikukatalia pale kaunta, usiondoke bila karatasi inayosema wamekukatalia.

Malta kwenyewe sina ugomvi nako, na mama anataka turudi Gozo. Kaunta ile simshauri mtu yeyote. Benki yangu imeshafungua dai, na wenye magari wametakiwa waeleze kwa nini kadi moja ilikataliwa kwa dhamana ikakubaliwa kwa bima. Jibu likija nitaliweka hapa neno kwa neno.