Chakula cha mtoto cha dukani: geuza pakiti kwanza

Juzi nilishika pakiti yenye picha kubwa ya ndizi. Nyuma, kiungo cha kwanza kilikuwa unga wa mchele. Ndizi ilikuja ya tatu. Neno "asilia" pale mbele nalo halikunisaidia: metali zenye sumu kama risasi, aseniki na kadimiamu zimo kwenye udongo na maji, na mmea uliolimwa bila dawa huzinyonya vilevile. Kwa hiyo napanga kwa kiungo, sio kwa chapa, kuanzia chakula chenye hatari ndogo ya metali hizi.

Namba moja ni uji wa oti, au wa nafaka mchanganyiko ambao mchele hauongozi orodha. Chukua ulioongezwa madini ya chuma, kwa sababu mtoto aliyepungukiwa chuma hufyonza risasi zaidi.

Pili, matunda na mboga za kusaga. Nchini Marekani, FDA (mamlaka ya chakula na dawa) ilizipangia Januari 2025 kikomo cha mikrogramu 10 za risasi kwa kilo. Viazi vitamu na karoti nimeviteremsha hadi nafasi ya tatu: ni mizizi, hulala udongoni, na vikiuzwa peke yake FDA imeviachia 20. Usivisuse, vina vitamini A tele. Zungusha tu, leo karoti, kesho boga.

Nne, uji wa mchele. Mpunga husimama majini, na shamba lililofurika huachia aseniki ambayo mzizi huipokea kama silika, madini ambayo mpunga huyanyonya kwa kawaida. Wa mchele wa kahawia, ambao wengi huuona bora, kwa hili ndio mbaya zaidi, maana aseniki hujazana kwenye pumba. Kikomo cha FDA tangu 2020 ni mikrogramu 100 za aseniki isokaboni (ile yenye sumu zaidi) kwa kilo.

Mkiani naweka bisi za mchele na biskuti za kung'atia meno. Vikomo vya risasi vya 2025 havigusi bidhaa hizi kabisa, na hata vile vingine ni mwongozo tu. Havina nguvu ya sheria. Umoja wa Ulaya ndio wenye vikomo vyake vya kisheria.

Juisi sijaipanga. Chini ya mwaka mmoja haihitajiki.

Jimbo la California, Marekani, linavitaka viwanda vya chakula cha watoto, tangu Januari 2025, kutangaza matokeo ya vipimo vya metali hizi kwenye tovuti zao. Ukiona msimbo wa QR kwenye pakiti iuzwayo huko, uelekezee kamera ya simu palepale dukani, ulinganishe namba ya toleo, kisha ndipo uamue kuiweka kikapuni.